Mdundo Uliomtangulia Bibi Harusi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimechoka. Si uchovu wa mwili tu, ingawa mgongo nao una malalamiko yake. Ni uchovu wa kumngoja Alexander.

Leo tulikuwa na harusi Mbololo. Mimi nilifika mapema, shati limepigwa pasi, nyaya zote nimeunganisha, kinanda kiko tayari. Jaffar alikuwepo na gitaa lake la besi. Ngina, mwimbaji wetu, alikuwepo, amejipaka poda. Mpiga ngoma? Hayupo! Simu yake inaita tu. Mchungaji ananitazama. Mimi natazama mlima.

Tukaanza bila ngoma. Harusi bila ngoma ni chai bila majani. Ni maji moto.

Ubeti wa pili, huyo Alexander Musyimi! Pikipiki inanguruma nje ya kanisa, anaingia akitabasamu, anaketi, anapiga. Kanisa zima likasimama. Vigelegele! Mama mmoja akavua leso yake akamfunga shingoni. Mtu anachelewa, anatunzwa. Mimi niliyewahi sikuletewa hata soda.

Baada ya sherehe nikamkumbusha kwamba bendi hii ina kiongozi, na kiongozi ni mimi. Alikubali kabisa. Akasema bila mimi asingekuwa hata na mahali pa kuchelewa. Wote wakacheka. Jaffar alicheka mpaka akashika ukuta.

Nitafanya jambo. Sijui ni jambo gani. Nitalifanya nikishalala.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshinda dukani nikipima misumari na kubishana na mafundi kuhusu ukubwa wa mabati. Miguu imevimba. Jioni nikapitia kwa Samir, anayetengeneza kompyuta karibu na stesheni ya zamani. Nilikuwa nimempelekea laptopu ambayo binti yangu Shanice aliiacha nyumbani akienda chuo. Katika mazungumzo nikamlilia habari za Alexander. Huwa namlilia kila mtu.

Samir akaniambia kuna programu inayopiga ngoma yenyewe. Si ile midundo iliyo ndani ya kinanda changu, inayorudia kitu kimoja kama kasuku. Hii inasikiliza. Inasikia ulichokwisha kupiga, inakisia utakachopiga, kisha inapanga ngoma zake kabla hujafika huko. Inapanga mbele! Katika bendi yangu hakuna mtu aliyewahi kupanga mbele kupita chakula cha mchana.

Samir akanionyesha. Kwenye kioo kuna alama unayoisukuma kwa kidole. Ukiiacha mwanzoni, mashine inaangalia hatua moja tu mbele yake, kama mtu anayetafuta choo gizani. Ukiisukuma hadi mwisho, inapanga wimbo mzima: pa kuanza taratibu, pa kupanda, pa kufika kileleni, pa kumaliza. Kama mtu mwenye akili.

Lakini Samir ni mwoga. Akanionya. “Kaka Sylus, ikiangalia mbali sana, inashika mpango wake. Wewe ukibadilisha njia, yenyewe haina habari nawe.”

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sifa ya uongozi.

Lazima ifundishwe kwanza, yaani isikilizishwe rekodi. Rekodi ninazo tele. Harusi, mazishi, shukrani, za miaka yote ya bendi. Nikampa zote aiwekee.

Nimeipa jina. Mpangaji. Nilipofika nyumbani nikamtangazia mke wangu, Wakesho, kwamba kuanzia sasa bendi ina Mpangaji. Akaniuliza atalala chumba kipi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpangaji amekwisha kusikiliza kila kitu. Jioni nikafunga mlango, nikaunganisha spika, nikaanza wimbo wa kumpokea bibi harusi.

Kimya.

Nikapiga ubeti mzima. Kimya! Nikakagua waya. Waya mzima. Nikaendelea kupiga kwa hasira, na ubeti wa pili ulipoanza tu, pa! Ngoma zikaingia kwa kishindo kama polisi. Tamu ajabu, siwezi kukataa. Kisha ubeti wa tatu, katikati, zikanyamaza. Zikakaa kimya kidogo. Zikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikajaribu wimbo mwingine. Vilevile.

Nikamwita Jaffar, anakaa nyuma ya msikiti, si mbali. Alikaa, akasikiliza, akakuna kidevu. Akaniuliza ni nani aliyepiga ngoma katika rekodi nilizoifundishia. Nikamwambia ni Alexander, nani mwingine?

“Basi ndugu yangu,” akasema, “umemtia Alexander ndani ya sanduku. Ubeti wa kwanza bado anaegesha pikipiki. Na hapo katikati anapokea simu.”

Nilikana. Tukacheza rekodi moja ya mwaka jana. Ubeti wa tatu, kimya, na kwa mbali unamsikia Alexander akimwambia mtu kwamba yuko kazini.

Jaffar akaenda zake akicheka. Mimi nikakaa nikafikiri, jambo linalonichosha sana. Ndipo nikaelewa. Anayechelewa ni yule asiyeona mbali! Nikasukuma ile alama hadi mwisho kabisa. Nikapiga. Ngoma zikaanza papo hapo, taratibu, polepole, zikapanda, zikapanda, mpaka mabati ya jirani yakaitikia. Nikamaliza nikitokwa jasho.

Wakesho akaingia kuuliza kama nimeanguka.

Jumamosi, 9 Agosti

Mazoezi kwangu. Alexander nilimwambia yameahirishwa. Si uongo. Kwake yeye yameahirishwa.

Ngina alifika na haraka zake. Ameacha maharagwe kwenye moto. Nikamwonyesha Mpangaji. Akaitazama laptopu kama mtu anayetazama mtoto mchafu wa jirani, akaniuliza Alexander yuko wapi. Nikamwambia anapumzika. Akasema hajawahi kumwona Alexander akipumzika ila akiwa amefika.

Tukapiga. Aaah! Sijawahi kusikia bendi yetu hivyo. Ngoma zilianza nasi, zikatembea nasi, zikapanda pale Ngina alipopanda, zikamaliza pale alipomaliza. Mara moja tu, bila kosa. Hata Jaffar aliacha kutabasamu vibaya.

Ngina hakuweka vikorombwezo vyake. Kwa kawaida yeye huvuta maneno, hurudia ubeti, huita majina ya wakwe, husimama kungoja watu waitikie. Leo aliimba moja kwa moja kama anayesoma tangazo, akakimbilia maharagwe yake. Nimefurahi. Nidhamu inaambukiza.

Sasa Jumamosi ijayo ni harusi ya Mkawasi kule Ronge. Mkawasi ni binti ya Jedidah, na Jedidah ni dada mkubwa wa mke wangu. Hii si harusi, hii ni mahakama. Jedidah hunitazama kwa namna moja tangu nilipomposa Wakesho: kama mzigo ulioletwa nyumba isiyo yake. Safari hii atanitazama vingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala vibaya. Nikaamka na wazo.

Alexander anajua Jumamosi kuna harusi. Hajui ni wapi. Amenipigia simu jioni kuuliza.

Nilikuwa na nia ya kumwambia kwamba safari hii apumzike, kiongozi ameamua. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Lakini aliniita “bosi” kwa ile sauti yake, akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje, na maneno yakapotea. Mdomo ukajisemea wenyewe: “Rukanga.”

Ronge iko juu kwenye baridi na migomba. Rukanga iko chini ya mlima Kasigau, upande mwingine kabisa, unapita Maungu, unakula vumbi, unapisha ndovu. Majina yote mawili yanaanza na herufi moja. Mtu yeyote anaweza kuchanganya.

Alexander alishukuru. Akasema atajitahidi kuwahi.

Wakesho alikuwa mezani akichambua mchicha. Sidhani alisikia. Hakuinua kichwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Jua bado lipo.

Niandike kwa utaratibu. Tulipanda Ronge asubuhi. Ukungu, tope, kanisa limepambwa kwa vitambaa vya zambarau. Ngina akauliza Alexander yuko wapi. Nikajibu kwamba atachelewa, na hakuna aliyeona ajabu. Nikaweka laptopu juu ya meza ndogo, nikaifunika leso nyeupe, heshima. Alama nimeisukuma mpaka mwisho. Jedidah akapita, akaitazama ile meza, akaniuliza kama ngoma zimekuwa ndogo siku hizi. Nikamwambia ashangae tu.

Bibi harusi akafika mlangoni. Mkawasi, mzuri, baba yake amemshika mkono. Nikaanza. Mpangaji akaanza nami! Taratibu, kama ilivyopangwa. Watu wakageuka kutafuta mpiga ngoma. Nilijiona mrefu.

Kisha wakaingia shangazi wa bwana harusi.

Hakuna aliyeniambia kuhusu shangazi. Walikuja na leso, wakatandika moja chini miguuni pa Mkawasi. Akaikanyaga. Wakatandika nyingine mbele yake. Akasimama, wakacheza, wakapiga vigelegele, wakaiokota ile ya nyuma, wakaivuta mbele. Hatua moja, ngoma moja. Hatua nyingine, shangazi mmoja anataka atajwe jina. Na Ngina, asiye na maharagwe leo, akawataja! Akavuta. Akarudia. Akaimba ubeti wa kwanza upya kwa ajili ya bibi mmoja aliyekuwa amechelewa kuingia.

Mpangaji hakuwa na habari na shangazi. Alikuwa na mlima wake wa kupanda. Akapanda. Ngoma zikaanza kwenda kasi. Wasichana wa harusi, waliofunzwa kufuata ngoma, wakaenda kasi pia. Wale wa mbele wakafika madhabahuni wakikimbia, wakamkuta mchungaji bado anatafuta miwani. Nyuma, bibi harusi yuko palepale mlangoni, mguu mmoja kwenye leso.

Kilele kikafika. Matoazi! Ngoma kubwa! Vurumai! Kisha, kama ilivyopangwa, mwisho.

Kimya. Nilisikia mbuzi huko nje.

Nikasema moyoni, basi, yameisha, tuanze tena. Lakini Mpangaji alikuwa amepanga mbele zaidi ya hapo. Nusu ya rekodi nilizompa ni za mazishi. Akaanza. Pole. Nzito. Ule mdundo wa kubebea jeneza, ambao kila mtu wa milima hii anaujua miguuni.

Bibi mmoja kiti cha mbele akasimama akafungua kitambaa cha machozi. Wazee wawili wakavua kofia. Baba yake Mkawasi alianza kutembea kwa ule mwendo kabla hajajijua. Mkawasi akamtazama baba yake, akatazama huku kwetu, midomo inamcheza.

Nikabonyeza kila kitufe. Kioo kikaniambia ningoje. Nikageuza kile cha sauti, nikakigeuza upande usiofaa. Jeneza likaingia kanisani kwa nguvu zote. Jaffar akaruka nyaya, akachomoa spika.

Na Ngina? Ngina hata hakunitazama. Alianza kupiga makofi. Peke yake, polepole, kwa mwendo wa miguu ya bibi harusi. Shangazi wakaitikia. Kanisa likaitikia. Makofi tu na sauti. Wakatandika leso, Mkawasi akakanyaga, makofi yakamngoja; akasogea, yakasogea. Alipofika mbele alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Ilikuwa nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu inanipendeza.

Jedidah alinijia wakati wa chakula. Nilikuwa nyuma ya hema, na sahani yangu.

“Shemeji,” akasema, “umetuzikia mtoto kabla hajaolewa.”

Akaniongezea wali, kwa adabu, akaenda zake.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimeumwa na kila kitu.

Wakesho ananipa chakula bila maneno. Sahani inatua mezani, yeye anaondoka. Nimejaribu kumweleza kwamba kosa ni la shangazi. Shangazi hawapangi mbele. Wangenipa mpango wao mapema, Mpangaji angeujua. Akaniuliza kama nataka chumvi.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikuwa na nguvu ya siku kama hii.

Nilipotoka dukani nikamkuta Alexander sebuleni kwangu. Ameketi kwenye kochi, kofia magotini. Mlangoni kuna kuku mwekundu amefungwa miguu. Ameniletea kuku kutoka Rukanga.

Alisema amekuja kuomba radhi. Mimi nikasimama kama mlingoti. Akaeleza kwamba Jumamosi alidamka, akawahi, kwa mara ya kwanza maishani aliwahi, akafika Rukanga kabla ya kila mtu. Hakukuwa na harusi. Akauliza kila nyumba. Mwishowe akapigia watu simu, akaambiwa harusi iko Ronge, na pikipiki ilikuwa imepata pancha. Watu wa huko walimpa chakula na mahali pa kulala. Akina mama wa kwaya walimpa kuku.

Kisha akaizungusha kofia magotini, asiniangalie.

Akasema ni masikio. La kushoto limekuwa likimsumbua tangu mwaka jana, linalia kama nzi aliyefungiwa chupani. Ni yale matoazi. Alikuwa akijidanganya kwamba ni nta. Lakini kama mtu anasema Ronge na yeye anasikia Rukanga, basi yamekwisha. Mpiga ngoma ni masikio, mikono ni ya kusaidia tu. Amekwisha kumwambia mkewe. Ataziuza ngoma, atuachie bendi tutafute mtu mwenye afya. Akasema ameona vyema aniambie mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye kiongozi.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Kilikuwa kimeketi kwenye kochi langu, kinatazama miguu yake.

Nikafungua mdomo. Moyo ulikuwa na neno moja, mdomo ukatoa jingine. Nikasema umri ni umri, hatuna la kufanya.

Wakesho akatokea jikoni. Mikono ina unga.

“Alexander, masikio yako ni mazima,” akasema. “Baba Shanice alikwambia Rukanga. Nilikuwa hapa hapa, nachambua mchicha.”

Nikasema labda ulimi uliteleza.

“Uliteleza ukafika mpaka Kasigau?”

Alexander kwanza alishika sikio lake la kushoto, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukililia. Nikaona mabega yake yanashuka. Nikadhani yameisha vizuri. Kisha akanitazama.

“Kwa nini, Sylus?”

Sylus. Si bosi. Jina langu tupu, na halikuwa na mahali pa kujificha.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba ni kwa sababu akichelewa wanapiga vigelegele. Kichwani mwangu ilikuwa sababu kubwa. Ilipotoka ikawa ndogo hivi, ya kutia mfukoni.

Alivaa kofia. Akamshukuru Wakesho. Akafika mlangoni, akainama, akamchukua kuku wake, akaenda.

Maji ya kunyonyolea kuku yalikuwa yameshachemka jikoni. Tumekula sukuma wiki.

Jumatano, 20 Agosti

Jaffar ametuita kwao. Mama yake, Bi Mwanamvita, alitupa chai ya tangawizi na mahamri. Aliwachagulia wenzangu yaliyoumuka. Mimi nikapata lililoungua, na alilitafuta.

Alexander alikuwepo kabla yangu. Nilijua basi mambo ni mazito.

Nikaomba msamaha. Ngina akasema haitoshi, nirudie bila kutia neno “lakini”. Nikarudia. Kuna “lakini” moja ikaponyoka. Nikarudia tena. Jaffar alikuwa anatazama dari, midomo ameikaza asicheke. Mara ya mwisho niliomba vizuri, nikasema nilimwonea mwenzangu wivu na nikakaribia kumfanya auze ngoma zake. Nikakohoa. Ni tangawizi.

Alexander akasema amesikia. Akasisitiza neno hilo, amesikia. Akatoa sharti: nitambebea ngoma zake mpaka mwaka uishe, kutoka pikipiki hadi jukwaani na kurudi. Nikakumbusha habari za mgongo. Hakuna aliyeukumbuka. Atakwenda hospitali kuangaliwa sikio hata hivyo, na Ngina atamsindikiza asije akachelewa.

Kisha akaomba aione mashine.

Sikutaka. Jaffar, yule msaliti, alikuwa ameshapewa na Wakesho. Wakairudisha ile alama mwanzoni kabisa, pa hatua moja mbele. Jaffar akapiga besi. Kimya. Ubeti wa kwanza ukapita. Alexander ameinamisha kichwa, sikio la kulia mbele. Ubeti wa pili, pa!

Akaruka. “Huyu ni mimi!”

Ubeti wa tatu, mashine ikanyamaza. Jaffar akamweleza kwamba hapo anapokea simu. Alexander alicheka mpaka akateremka kwenye mkeka. Alicheka hadi Bi Mwanamvita akatoka kuchungulia. Akasema hajui jinsi tulivyomvumilia miaka yote hii. Mimi nilikuwa nikingoja maneno hayo miaka mingi, na yakaenda kwa laptopu.

Akavuta sinia la chai, akaanza kulipiga kwa vidole. Mashine ikaitikia. Akabadilisha, ikasita, ikabadilika nyuma yake. Akasimama, ikasimama kungoja. Walikuwa kama wazee wawili wanaokatizana maneno kwa mapenzi. Ngina akaanza kuimba bila kuombwa, akivuta maneno atakavyo, na wale wawili wakamfuata kila kona.

Nikasema kwamba mimi ndimi niliyeileta. Hawakusikia. Walikuwa katikati.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumerudi Ronge. Jedidah alifanya chakula cha shukrani baada ya harusi, akakubali tupige kwa sharti kwamba mimi nikae nyuma. Nimebeba ngoma zote kutoka barabarani. Ngoma kubwa ina miguu ya chuma mikali ambayo sikuwahi kuijua.

Alexander alichelewa. Lakini alichelewa kidogo tu, na mashine ikaingia ubeti wa pili bila yeye, naye akaingia juu ya mdundo wake mwenyewe. Mtu mmoja na kivuli chake, wakipiga pamoja. Watu walisimama. Shangazi walitandika leso, wakaziokota, wakazitandika, na mdundo ukawangoja kila walipotaka kungojwa. Jedidah alicheza. Sikujua kwamba Jedidah ana mabega.

Vigelegele vilikuwa vya Alexander. Vilivyobaki vikawa vya mashine. Nilimsikia mzee mmoja akiuliza kama kinanda kilikuwepo.

Mwishoni Mkawasi akaja nyuma nilipokuwa nakunja nyaya. Akanisalimu kwa mikono miwili. “Anko,” akasema, “leo ndiyo nimeolewa.” Akacheka, akanipa soda baridi, akarudi kwa mumewe.

Nilikaa na ile soda muda mrefu. Nilijifuta macho mara mbili. Walikuwa wanachoma nyama karibu, moshi ulikuwa mwingi.

Wakesho alinisaidia kubeba matoazi. Njiani alinisemesha. Alisema kumekuwa na baridi. Nimefurahi kuliko nilivyotazamia.

Jumanne, 26 Agosti

Mgongo hauinami, na ukiinama haurudi. Nilipitia kwa Samir kuchukua waya.

Katika mazungumzo, akifungua mashine ya mtu, akaniambia kwamba Alexander alipita jana. Nikauliza alitaka nini. Samir akasema alitaka kujua tu kama programu ile inaweza kujifunza kupiga kinanda.

Kinanda!

Nikamwuliza, kwa utulivu, alimjibu nini. Akasema alimjibu kwamba kinanda ni rahisi kuliko ngoma.

Sikumbuki nilianzia wapi. Nilimweleza Samir, na wateja wake wote, na mwanamke aliyekuwa akipita na ndizi, kwamba kinanda kinataka binadamu. Kinataka pumzi na moyo. Mashine itajuaje bibi harusi anavyojisikia akiwa mlangoni? Mashine inaweza kumngoja shangazi? Nikasema ni aibu, mtu kumweka mwenzake kando kwa ajili ya sanduku, mwenzake waliyekula naye vumbi miaka yote. Utu uko wapi? Urafiki uko wapi? Nikasema mtu wa namna hiyo hafai kuitwa mwanamuziki.

Samir aliweka chini bisibisi yake akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli tupu. Yule mama wa ndizi naye akasema ni kweli. Nikatoka kichwa juu, mwenye heshima.

Nikafika kwenye kona. Nikasimama. Jua kali, miguu inauma, na nikawaza jinsi Ngina alivyonikatiza Jumamosi mbele ya wakwe zangu, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kutoa hotuba ya shukrani ya kiongozi.

Nikarudi. Wateja walikuwa wameondoka, ashukuriwe Mungu. Nikamwuliza Samir, kwa sauti ya chini, kama kuna inayoimba.

Akasema ipo, ila nayo lazima ifundishwe kwanza.

Nikamwambia hilo lisimsumbue. Rekodi za Ngina ninazo zote.